Mgonjwa au mhalifu? Safari ndefu ya utambuzi wa pedofilia

Kila inapotoka habari ya mtu mzima aliyemfanyia mtoto ukatili wa kingono, mjadala haukawii kugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema, "Huyo ni mgonjwa, akapimwe akili." Na wapo wanaojibu, "Mgonjwa wapi? Mhalifu huyo, afungwe." Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba pande zote mbili zinakubaliana jambo moja bila kujua: kwamba lazima awe kimoja tu. Akiwa mgonjwa basi si mhalifu, na akiwa mhalifu basi si mgonjwa.

Historia ya saikolojia tiba inasema vingine. Kwa zaidi ya miaka 120 madaktari wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia wamekuwa wakihangaika na maana ya neno moja, pedofilia. Wameandika vigezo, wakavifuta, wakaviandika upya. Kilichowasumbua ni swali hili: ugonjwa wenyewe uko wapi hasa? Ni ile tamaa iliyo kichwani? Ni kitendo? Au ni dhiki anayoipata huyo mwenye tamaa? Twende nalo hatua kwa hatua, kisha tuone kwa nini jibu lake lina uzito kwa watoto wa kwetu pia.

Madaktari wawili, maswali mawili

Mwaka 1857, huko Paris, daktari wa mahakama Ambroise Tardieu alichapisha kitabu kuhusu makosa dhidi ya maadili. Alikusanya kesi za ubakaji na udhalilishaji zilizofika mbele ya madaktari na mahakimu wa Ufaransa, na idadi kubwa ya waathirika walikuwa watoto. Swali la Tardieu lilikuwa la kipelelezi: je, mtoto huyu ameumizwa, na mwili wake unatoa ushahidi gani?

Karibu miaka 30 baadaye likaja swali la aina nyingine. Richard von Krafft-Ebing, daktari wa akili aliyefanya kazi Graz na baadaye Vienna, alitoa kitabu chake Psychopathia Sexualis mwaka 1886. Kilikuwa kitabu cha madaktari na wanasheria, na sehemu zenye mambo mazito aliziandika kwa Kilatini ili msomaji wa kawaida asizielewe. Yeye hakuuliza mtoto ameumizwaje. Aliuliza: ndani ya kichwa cha huyu mtu mzima kuna nini?

Katika matoleo ya baadaye ya kitabu hicho ndipo lilipojitokeza jina la kitabibu tulilonalo leo. Limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la mtoto na jingine la upendo. Ni jina lenye kasoro, maana linachozungumzia hakifanani kabisa na upendo kama tunavyoujua. Lakini jina hilo lilibeba wazo moja ambalo bado lina nguvu hadi leo. Krafft-Ebing aliona kwamba watu wanaowadhuru watoto kingono hawafanani. Wengine ni walevi, wengine wamechanganyikiwa kwa uzee, wengine wanamtumia mtoto kwa sababu tu ndiye aliyekuwa karibu na hawezi kujitetea. Tofauti na hao wote, wapo wachache ambao mvuto wao wa kingono umeelekea kwa watoto kwa namna ya kudumu. Jina la ugonjwa aliwapa hawa wachache tu.

Shika hapo, kwa sababu mkanganyiko wote unaofuata unaanzia kwenye mpaka huo.

Mashine ya Prague

Kama mvuto uko kichwani, utaupimaje? Mtu anaweza kukudanganya. Jibu la kwanza la kimaabara lilitoka mahali ambapo usingetarajia, yaani jeshini.

Katika miaka ya 1950, jeshi la Chekoslovakia lilikuwa na tatizo la vijana waliodai kuwa wanavutiwa na wanaume wenzao ili wasiandikishwe. Kurt Freund, daktari wa Prague, akaombwa atafute njia ya kujua nani anasema kweli. Akatengeneza kifaa cha kupima mabadiliko ya damu kwenye kiungo cha uzazi cha mwanamume wakati anapoonyeshwa picha mbalimbali. Wazo lilikuwa kwamba mdomo unaweza kusema uongo, ila mwili utasema kweli.

Kazi hiyo ikamgeuza Freund mwenyewe. Baada ya kujaribu kuwatibu wanaume hao na kuona matibabu hayabadilishi kitu, alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya kuwaadhibu iondolewe, na Chekoslovakia ikaiondoa mwaka 1961. Baada ya majeshi ya Kisovieti kuivamia nchi yake mwaka 1968 alihamia Kanada. Huko Toronto, kifaa kilekile kilichobuniwa kwa ajili ya kuwanasa wakwepaji wa jeshi kikawa chombo kikuu cha utafiti kuhusu pedofilia.

Bado kinatumika katika baadhi ya nchi, lakini si mashine ya kusoma roho za watu. Kinaweza kumkosa mtu mwenye mvuto huo, kwa sababu wapo wanaoweza kuuzuia mwili wao usiitikie. Kinahitaji mtaalamu na maabara. Na kwa jinsi kilivyoundwa, kinapima wanaume tu. Kwa hiyo hakuna daktari makini anayetoa utambuzi kwa kipimo hicho peke yake.

Orodha ya Wamarekani

Wakati Freund anahangaika na mashine, Wamarekani walikuwa wanahangaika na karatasi. Mwaka 1952 Chama cha Wanasaikatria wa Marekani kilitoa toleo la kwanza la mwongozo wa magonjwa ya akili, unaojulikana duniani kwa kifupi DSM. Pedofilia ilitajwa humo, lakini imefungwa kwenye kapu moja na mambo mengi yaliyoitwa upotofu wa kingono, na kapu lenyewe likawekwa chini ya matatizo ya haiba ya watu wanaokiuka kanuni za jamii. Hapakuwa na vigezo vya maana. Daktari aliandika jina, basi. Toleo la pili la 1968 halikubadilisha mengi.

Kisha ikaja Desemba 1973. Chama hicho kikapiga kura kuondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa. Hoja ambayo Robert Spitzer, mmoja wa wasimamizi wa mabadiliko hayo, aliisukuma ni hii: ili hali fulani iitwe ugonjwa wa akili, lazima kwa kawaida imletee mtu mwenyewe dhiki au imvurugie uwezo wa kuishi. Kwenda kinyume na desturi peke yake hakutoshi.

Sasa ona mtego ulivyojitega. Kama kipimo cha ugonjwa ni dhiki ya mwenyewe, vipi kuhusu mtu mzima anayevutiwa na watoto wadogo, ambaye hana dhiki yoyote, analala usingizi mnono? Je, huyo ni mzima?

Jibu linaonekana jepesi ukikumbuka neno moja: ridhaa. Watu wazima wawili wanaweza kukubaliana. Mtoto hawezi. Hajui anachoombwa, hana uwezo wa kumkatalia mtu anayemlisha, kumfundisha au kumlea, na madhara yake anaweza kuyabeba miaka mingi. Hivyo madhara ya pedofilia hayapimwi kwa hali ya mwenye nayo tu. Yupo mtu wa pili. Lakini kuingiza jibu hilo jepesi kwenye vigezo vya kitabibu, vilivyotungwa kumchunguza mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari, kulichukua miaka zaidi ya 20.

Kosa la 1994

Toleo la tatu la 1980 lilileta neno parafilia na likaanza kuweka vigezo vinavyohesabika. Liliangalia kama vitendo au njozi zinazohusu watoto ambao hawajabalehe ndizo njia ambayo mtu huyo huipendelea mara kwa mara, au ndiyo njia yake pekee. Marekebisho ya 1987 yakaongeza mambo ambayo tunayo hadi sasa: hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 6, mhusika awe na umri usiopungua miaka 16, na awe amemzidi mtoto kwa angalau miaka 5. Pia yakasema mtu anahesabiwa kuwa na ugonjwa kama ametenda kutokana na misukumo hiyo au kama inamtesa sana.

Halafu mwaka 1994 likatoka toleo la nne. Waandishi wake walitaka kigezo kimoja kwa karibu magonjwa yote, kile cha dhiki au kuvurugikiwa kimaisha, wakakiweka na hapa. Neno "ametenda" likatoka. Ukisoma vigezo hivyo neno kwa neno, mtu aliyewadhuru watoto lakini hasikii vibaya na kazini anafanya vizuri angeweza kuonekana kwamba hana tatizo. Hilo halikuwa kusudio la waandishi, lakini maandishi ndivyo yalivyosomeka, na watu wengi Marekani wakaja juu. Marekebisho ya mwaka 2000 yakakirudisha kitendo kwenye vigezo: ametenda, au misukumo hiyo inamletea dhiki kubwa au matatizo katika mahusiano yake na watu.

Unaweza kudhani huu ni ugomvi wa wanazuoni kuhusu viunganishi. Sivyo. Wakati huohuo maneno hayo yalikuwa yanaamua nani atatoka gerezani.

Kifungo baada ya kifungo

Mwaka 1994 jimbo la Kansas lilipitisha sheria ya kuwazuia wahalifu wa kingono hata baada ya kumaliza vifungo vyao, ikiwa wana hali ya akili inayowafanya waelekee kurudia. Leroy Hendricks, mwanamume mwenye historia ndefu ya kuwadhuru watoto, alikuwa wa kwanza kukumbwa nayo. Alikiri mwenyewe kwamba akipata msongo hawezi kujizuia. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1997 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba jimbo lina haki ya kumzuia.

Kilichobeba uamuzi ule, pamoja na hatari aliyokuwa nayo, ni utambuzi wa pedofilia. Bila jina la hali ya akili ingekuwa vigumu kueleza kwa nini mtu aliyetumikia kifungo chake asiende nyumbani. Jina lililoanza kwenye kitabu cha daktari wa Vienna likawa kufuli.

Ndiyo maana yalipoletwa mapendekezo ya kupanua utambuzi huu uwahusishe pia watu wanaovutiwa na watoto walioanza kubalehe, ubishi ulikuwa mkali. Wapo waliosema tafiti zinaunga mkono. Wapo waliosema utakuwa mlango wa kuwafungia watu wengi bila kesi mpya. Mwaka 2012 chama kikayakataa, na utambuzi ukabaki kwa watoto ambao hawajabalehe.

Tulipo sasa

Toleo la tano la DSM, la mwaka 2013, lilifanya jambo ambalo ni muhimu kulielewa. Liligawanya kitu kimoja kuwa viwili. Pedofilia ni ule mvuto wenyewe, mkali na wa kudumu, kwa watoto ambao hawajabalehe, kwa kawaida wa miaka 13 kushuka chini. Tatizo la kiakili la pedofilia ni pale mvuto huo unapoambatana na mojawapo kati ya mambo mawili: mtu ametenda, au unamtesa au kumvurugia mahusiano yake. Kwa hiyo yupo mtu mwenye mvuto ambaye hajawahi kumgusa mtoto na anaishi bila kuvurugikiwa. Mwongozo unakiri kwamba yupo, ila haumwiti mgonjwa.

Hata toleo hilo halikupita salama. Sehemu moja ya maelezo yake ilitumia maneno yaliyoashiria kwamba pedofilia ni mwelekeo wa kingono kama mielekeo mingine. Kelele zikawa nyingi, na Oktoba 2013 chama kikatangaza kwamba hilo ni kosa la uandishi na maneno yaliyokusudiwa ni "mvuto wa kingono".

Shirika la Afya Duniani nalo lina orodha yake ya magonjwa, ICD, na toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Msimamo wake unakaribiana na huo: mvuto wa kudumu na mkali kwa watoto ambao hawajabalehe, pamoja na kitendo au dhiki kubwa. Linasisitiza pia kwamba utambuzi huu hauhusu watoto au vijana wanaochunguzana na wenzao wa rika moja.

Je, mwanasaikolojia tiba anafanyaje kazi hiyo leo? Hakuna kipimo cha damu. Picha za ubongo zimeonyesha tofauti kadhaa kati ya makundi ya watu, lakini hakuna picha inayoweza kumwambia daktari kwamba huyu hapa anayo. Kazi kubwa ni mahojiano marefu, kusoma kumbukumbu za polisi na mahakama kama zipo, na kulinganisha anachosema mtu na alichofanya. Watafiti wawili wa Kanada, Michael Seto na Martin Lalumière, walitengeneza mwaka 2001 kipimo kifupi kinachotumia mafaili tu: je, kuna mwathirika wa kiume? Ni zaidi ya mmoja? Yupo wa miaka 11 au pungufu? Yupo asiye ndugu? Kila "ndiyo" inaongeza uwezekano kwamba nyuma ya kosa upo mvuto wa kudumu. Uwezekano tu, si hukumu.

Mtaalamu analazimika pia kuondoa sababu nyingine. Mwaka 2003 madaktari wa Virginia waliripoti kisa cha mwalimu wa miaka 40 ambaye tabia zake zilibadilika ghafla, akaanza kuwa na misukumo hiyo ambayo hakuwa nayo zamani. Alikutwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Ulipoondolewa misukumo ikatoweka, ulipoota tena ikarudi. Kisa cha aina hii ni nadra sana.

Kilicho cha kawaida zaidi ni kinyume chake. Yupo mtu, mara nyingine mama au baba mwenye mtoto mchanga, anayevamiwa na mawazo ya kutisha kwamba huenda atamdhuru mwanawe. Mawazo hayo yanamchukiza, anaogopa hata kumwogesha. Hiyo mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa wasiwasi unaojirudiarudia, una matibabu yake, na hauna uhusiano wowote na pedofilia. Mtaalamu asiyejua tofauti hiyo anaweza kuharibu familia.

Na huku kwetu?

Lugha yetu ina maneno makali ya kitendo: mbakaji, mlawiti, na Kenya wanasema mnajisi. Yote yanamtaja mtu kwa alichofanya. Hatuna neno la kawaida kwa mvuto wenyewe, na sheria zetu pia hazilihitaji. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2006, na zote mbili hazimwulizi mshtakiwa anavutiwa na nani. Zinauliza mtoto ana umri gani na alifanyiwa nini. Kwa maana hiyo sheria zimebaki na swali la Tardieu, na ni swali sahihi kwa mahakama. Kuwa na pedofilia hakumwondolei mtu hatia. Anajua anachofanya.

Tatizo ni letu sisi, pale tunapochanganya mambo haya mawili. Makadirio ya watafiti, Seto akiwemo, ni kwamba takriban nusu tu ya wanaowadhuru watoto kingono wana pedofilia. Nusu nyingine ni wale ambao Krafft-Ebing aliwaona zamani: wanaotumia nafasi, madaraka, pombe, ukimya wa nyumbani. Tena utambuzi unahusu watoto ambao hawajabalehe, wakati sheria kwa ujumla inamlinda aliye chini ya miaka 18. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wanawake 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Idadi kubwa namna hiyo huwezi kuieleza kwa ugonjwa wa watu wachache. Tukisubiri kumwona "mgonjwa" mwenye sura ya ajabu, tutampita mjomba, jirani au mwalimu ambaye kipimo chochote cha akili kingesema yuko sawa kabisa.

Upande wa pili nao upo. Mtu mwenye mvuto huo ambaye hajamgusa mtoto na anaogopa siku moja atamgusa, aende wapi? Berlin, katika hospitali ya Charité, ulianzishwa mwaka 2005 mradi unaowapokea watu kama hao kwa siri, ukisaidiwa na sheria za Ujerumani zinazolinda usiri wa mgonjwa. Wanafundishwa kujizuia, kukaa mbali na mazingira ya hatari, na wengine hupewa dawa za kupunguza hamu ya ngono. Watafiti bado wanabishana kuhusu kiasi cha mafanikio yake, na ni haki wabishane. Lakini mantiki yake inaendana na mgawanyo ule wa 2013: kama kuna hatua kati ya mvuto na kitendo, basi hapo katikati kuna nafasi ya kumwokoa mtoto kabla hajaumizwa.

Kwa hiyo ukisikia tena ule ubishi wa mgonjwa au mhalifu, uliza kwanza tunaongelea nini. Kama ni kitendo, mahakama ipo, na daktari hawezi kukifuta. Kama ni mvuto, mwanasaikolojia tiba ana kazi ya kufanya, na mapema. Na kama ni usalama wa mtoto, vyote viwili havitoshi bila watu wazima wanaomwamini anaposema kuna mtu anamfanyia jambo baya, hata kama mtu huyo ni wa heshima.